Nani Alileta Maji

Jumatatu, 22 Machi 1993
Padri anataka kitabu kidogo cha kuwasomea batoto habari za vita vya 1978. Kitakachompendeza atakipiga chapa, na jina la mwandishi juu! Mwalimu mwenzangu Ernestine ameshaanza. Nami nimeanza. Shujaa wangu ni jirani yetu hapa Dilala, Tata Kanyinda. Bomba za maji zilikauka, risasi zinalia, yeye akatoka na ndoo akaletea avenue yetu, nyumba zote, maji. Mi nilikuwa chini ya kitanda. Hilo halina haja ya kuandikwa.

Jumanne, 23 Machi
Mkubwa wa shule amesoma. Kizuri, akasema, ila Kanyinda ni jina la Mukasai, mtu wa Kasai, na wakati huu wanapofukuzwa hapa litatuletea matata. Nimelitoa. Lakini shujaa bila jina? Nikatafuta, nikatafuta. Nikaweka langu.

Jumatano, 24 Machi
Nimewasomea darasa la tano. Kimya kabisa, raha! Kisha Rachelle akainua mkono. Eti mama yake alikunywa maji yale, na aliyeyaleta ni Tata Kanyinda. Na Mwalimu, akauliza, alikuwa wapi? Nikawapa hesabu za kugawanya.

Odile, mke wangu, hakunipa pole. Alisema Kanyinda na jamaa yake wametolewa nyumbani asubuhi. Wako gare na mafurushi, wanangoja treni ya Kasai.

Alhamisi, 25 Machi
Nimekwenda gare na daftari, na bukari ya kuwalisha, aliyoifunga Odile. Nia yangu: anipe ruhusa ya kuacha jina langu mahali pa lake. Watu wamelala chini, batoto wanakohoa. Tata Kanyinda ameketi juu ya ndoo ileile. Nikamsomea. Akauliza kama sikuogopa kubeba ndoo njiani, risasi zikilia. Kidogo, nikasema. Akacheka mpaka machozi. Kisha akafuta macho, akasema:

"Tata Mbuyu, batoto yangu bote balizaliwa hapa. Shiye tunaenda. Acha jina yetu ibakie, hata mu kitabu tu."

Nililia mbele za watu. Sioni haya.

Ijumaa, 26 Machi
Nimeandika upya tangu alfajiri. Kanyinda amerudi kitabuni, jina zima, ukurasa wa kwanza. Mkubwa wa shule anasema atanifukuza kazi. Anifukuze! Nimempelekea Padri mwenyewe, na amekubali kukipiga chapa.

Kitabu sasa kinaanza hivi: Tata Kanyinda anatoka mlangoni, risasi zinalia, ndoo mkononi. Nyuma yake kuna kijana hodari mwenye ndoo ya pili. Anaitwa Mbuyu. Ndoo yake ni kubwa kidogo.