Balbu Sita za Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Leo kumekucha kwangu! Mpangaji wa mama mkwe amehama, na chumba cha mbele, kile chenye madirisha mawili yanayotazama barabara, kiko wazi. Kuta nyeupe. Mlango wa chuma. Umeme tu ndio haujafika. Ukimnyoa mtu mle, mtaa mzima unakuona. Sasa hivi nanyolea chini ya ngazi za ghorofa, mahali ambapo mteja mrefu hunyolewa ameinama kama anatafuta sindano.

Anayekitaka pia ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Ana kibanda cha kuchaji betri za magari, na kipara kinachong'aa. Kila akinisalimia huniuliza ngazi zinaendeleaje. Simpendi. Nimeshasema.

Alasiri mama mkwe akatuita sote sebuleni kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno matamu na kilo mbili za sukari. Sukari akaipokea, maneno akayakataa. Huyu mama alifundisha fizikia miaka thelathini na moja, na kustaafu bado hakujamwingia. Akagawa karatasi! Kila karatasi na mfuko wake wa balbu sita za gari. Jumapili saa nane mchana, akasema, tukutane mle chumbani. Balbu zote sita ziwake kwa nguvu zake zote, kwa betri, kisha aliyeziwasha aeleze volti, mkondo na ukinzani. Chumba atapewa anayejua anachokifanya.

Mke wangu naye akaomba karatasi. Yeye ni fundi cherehani, anashonea kwenye korido ya nyumba yetu, na macho yamemchoka kwa kiza. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikamwambia asijisumbue, nikipata chumba nitamtafutia pembe. Yeye alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

Jumanne, 7 Mei

Kazi imeanza. Nimechukua betri ya mashine yangu ya kunyolea, volti 12. Balbu zote sita nikazipanga msururu mmoja: waya unatoka kwa hii unaingia kwa ile, mpaka ya mwisho inarudi kwenye betri. Waya kidogo, kazi safi. Nikawasha.

Aibu! Zilitoa wekundu kidogo, basi. Mteja akauliza kama zimeharibika. Nikamwambia ndiyo kwanza zinaamka.

Mama mkwe alikuwa anapita kwenda sokoni. Akasimama. Kwa sauti ile ya kuita majina darasani akaniuliza kila balbu ina ukinzani gani. Nikasema mwingi. Akafumba macho, akatua kikapu, akachukua sabuni yangu ya ndevu na kuandika kwenye kioo changu. Volti ukizigawanya kwa mkondo, unapata ukinzani. Balbu imeandikwa volti 12, ampea 1, kwa hiyo ina omu 12. Ukizifunga sita kwa mfululizo, ukinzani unajumlishwa: omu 72. Sasa betri ina volti 12 tu. Kumi na mbili gawanya kwa sabini na mbili, mkondo ni sehemu moja ya sita ya ampea, na kila balbu inaambulia volti 2 badala ya 12. Kisha akaniita mwanangu, akajitwika kikapu. Neno hilo mwanangu hulitamka kama anayempima mtu homa.

Wakati wa chakula mke wangu akasema ipo njia ya sambamba. Kila balbu na njia yake mpaka kwenye betri, na kila moja inapata volti 12 zake kamili. Njia ya kila mtu hiyo! Tena inakula waya. Nikawaza, nikaruka kitini. Kama balbu sita zinagawana volti, dawa si kuzitenganisha. Dawa ni kuziongezea chakula! Sita mara 12 ni 72. Betri sita!

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na mwanyumba ana kipara.

Jumatano, 8 Mei

Ujasusi. Nilimwalika mwanyumba aje kunyolewa ndevu bure. Cha bure huyu hakatai. Nikampaka povu mpaka kwenye kope, nikamwonya asifumbue macho, linawasha. Daftari lake lilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nikalichomoa kwa vidole viwili.

Volti 12. Ampea 6. Ukinzani wa jumla, omu 2.

Omu 2! Balbu moja peke yake ina omu 12. Utakuwaje na balbu sita halafu ukinzani upungue? Wageni wakiongezeka mezani, sahani zinapungua? Nilimwonea huruma, karibu nimwambie. Nikajikaza, nikalirudisha daftari, na kwa furaha nikamkata kidogo chini ya kidevu.

Nilipomsimulia mke wangu, hakucheka. Akasema katika sambamba mkondo unapata njia nyingi, kwa hiyo ukinzani wa jumla unapungua. Mlango ukiwa mmoja watu wanasongamana, ikiwa sita wanapita tu. Aliyasema hayo bila kuinua macho kwenye sketi aliyokuwa akipinda. Mwanamke huyu anamtetea mno shemeji yake.

Ijumaa, 10 Mei

Tatizo dogo: betri ninayo moja. Mtu pekee mwenye betri nyingi mtaani ni yuleyule. Nikameza mate na kiburi, nikaenda. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilimbebea chupa ya mafuta ya kukuza nywele. Nilipofika mbele ya kile kipara ndipo nilipogundua. Nikasema ni ya mkewe.

Nikamweleza kwamba nahitaji betri tano za kukandamizia zulia lililojikunja. Akasema nichague. Akazipakia mwenyewe kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka mlangoni kwangu, kisha akauliza kama zulia linataka betri zenye chaji au zisizo na chaji. Nikasema zenye chaji, ni zulia sugu. Hakushuku chochote! Alipokuwa anarudi nikamsikia anakohoa njia nzima, nadhani ni vumbi.

Nikazifunga uani, chanya ya hii kwa hasi ya ile, betri zote sita. Nikaweka mita. Sabini na mbili! Nikawasha.

Jamani! Balbu sita, zote nyeupe, zote kwa nguvu zake zote! Nilitokwa na machozi, na sioni haya kuliandika. Volti 72 gawanya kwa omu 72, mkondo ampea 1. Hesabu tamu kiasi kwamba hata mimi siwezi kuisahau. Mke wangu alitoka akatazama, akasema kweli zinapendeza. Halafu akauliza itakuwaje moja ikiungua. Nikamwomba asiniletee uchuro.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya ushindi! Niandike kwa utaratibu.

Saa nane kamili tulikuwa chumbani. Mama mkwe alikaa kwenye kiti katikati, kalamu nyekundu mkononi. Madirisha akayaziba kwa blanketi.

Mwanyumba akaanza. Betri moja, waya mwingi. Ziliwaka. Sawa, ziliwaka vizuri. Akafungua daftari akasoma: 12, 6, 2. Nikangoja mama amrukie kwa zile omu 2. Akaweka alama ya vema! Nadhani miwani yake imechoka. Kisha akachomoa balbu moja, na zile tano zikabaki vilevile. Akauliza sasa mkondo ni ngapi. Mwanyumba akafunua ukurasa wa pili. Ukurasa mtupu. Akafunua wa tatu. Jasho likaanza kutelezea kiparani. Ikabidi akiri kwamba kazi yote aliifanya fundi redio, na yeye alinakili majibu tu. Kuiba majibu ya mtu mwingine! Sijawahi kuona mtu wa hila namna hiyo.

Zamu yangu. Nikaingiza betri zangu sita, moja baada ya nyingine, mgongo ukilalamika. Nikawasha. Chumba kikawa mchana! Nikasema bila karatasi: volti 72, mkondo ampea 1, ukinzani omu 72, kila balbu volti 12. Mama mkwe alikagua mara mbili. Akasema hesabu yangu ni sawa kabisa, na kwamba katika miaka thelathini na moja hajaona hesabu sahihi ikifanyishwa kazi ngumu kiasi hiki. Nikamshukuru.

Akainuka akachomoa balbu moja. Giza! Zote zikazimika! Mwanyumba akakohoa tena, na mle ndani hakukuwa na vumbi.

Mwingine angezimia. Mimi ni kinyozi. Nikatoa wembe mpya mfukoni, nikauchomeka pale balbu ilipotoka, chuma kwa chuma. Mkono uliruka wenyewe mpaka begani, lakini balbu tano zikawaka. Na zikawaka zaidi kuliko mwanzo! Mama akanitaka nieleze. Nikapiga hesabu palepale: balbu tano ni omu 60, volti 72 gawanya kwa 60, mkondo ampea 1 na nukta 2, kila balbu volti 14 na nukta 4. Sawa kabisa, akasema.

Hapo ndipo nilipofanya uvumbuzi wa maisha yangu. Balbu zikipungua, mwanga unaongezeka! Fizikia ilinificha jambo hili miaka yote. Nikachomoa nyingine, nikatia wembe wa pili. Balbu nne, kila moja volti 18. Shemeji, mke wa mwanyumba, akajikinga macho kwa mtandio. Mke wangu akaniomba niishie hapo. Mama mkwe hakuniomba kitu, alisogeza kiti chake nyuma. Nikatia wembe wa tatu. Balbu tatu, omu 36, ampea 2, kila balbu volti 24. Ni mwanga ulioje! Nilihesabu mpaka nne.

Paa! Vigae vya kioo, moshi, giza.

Ndani ya giza lile mama mkwe akasema, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia, kwamba hesabu zangu hazikuwa na kosa hata moja. Tatizo si hesabu, akasema. Nimeyanakili maneno hayo yasije yakapotea.

Kumbe mke wangu naye alikuwa na kitu kwenye mkoba. Utepe wa turubai, nyaya mbili zimeshonewa kwenye kingo zake, mmoja kila upande, na balbu zake sita zimekaa katikati kama vipago vya ngazi. Ameushona! Akautundika kwenye misumari miwili, akachukua betri moja tu kati ya zangu, akaunga. Ziliwaka. Mama akachomoa moja. Mkondo? Ampea 5. Ukinzani? Omu 2 na nukta 4. Akachomoa mbili zaidi. Ampea 3, omu 4. Hakuwa na karatasi wala daftari, na mikono aliiweka nyuma kama mwanafunzi. Mama mkwe alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Kisha akampa ufunguo.

Mke wangu aliutazama ule ukuta mweupe, akautazama utepe wake, akaanza kulia. Miaka tisa ameshona kizani. Nilifurahi, nakiri hivyo.

Kisha nikaona jambo la pili. Ufunguo umeingia kwenye mkoba wa mke wangu. Mkoba unalala nyumbani kwangu. Mwanyumba amerudi kwake na mkokoteni wake. Nani ameshinda? Nimeshinda mimi! Nimepewa pembe yenye dirisha la pili, kwa sharti moja, kwamba nisiguse waya wowote. Nimeapa mbele ya mashahidi wanne.

Jumatano, 15 Mei

Raha! Kiti changu kiko dirishani. Leo nimenyoa watu kumi na mmoja, na hakuna aliyeinama. Mwanyumba alipita barabarani, nikampungia mkono kwa kitana. Hakuniuliza habari za ngazi.

Mke wangu ametoka kwenda kumpima mteja nguo ya arusi. Ameniachia chumba na balbu zake sita zinawaka juu ya meza ya kukatia. Nzuri, lakini pembe yangu haipati mwanga wa kutosha. Nikakumbuka uvumbuzi wangu. Nikachomoa balbu mbili, kwa sababu balbu si waya, kiapo kiko palepale. Nikangoja zile nne zing'ae zaidi.

Hazikubadilika hata kidogo! Hii sambamba haina ushirikiano. Balbu inaondolewa wenzake na wala haijali.

Basi nimezirudisha na kukaa chini kufikiri. Betri ya mashine yangu ipo hapa miguuni, imejaa chaji. Nikiiunga na hii aliyoinunua mke wangu, chanya kwa hasi, napata volti 24. Kila balbu ina omu 12. Ishirini na nne gawanya kwa kumi na mbili, kila balbu ampea 2, zote sita ampea 12. Nimehakiki mara tatu, hakuna kosa. Nitatumia wembe kuunganisha, kwa kuwa wembe nao si waya.

Mteja amekaa kitini, povu usoni, macho nimemwambia afumbe. Hesabu ni sawa kabisa. Na mama mkwe mwenyewe alisema, tatizo si hesabu.