Mlango wa Kulia

Jumapili, 6 Julai

Chakula cha mchana kwa Mama Mkwe. Kaka wa mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Rubani, alikuwepo. Huyo hata akikohoa anasifiwa. Mimi nina miaka kumi na moja katika familia hii na sijawahi kusifiwa hata kwa kumaliza chakula.

Katikati ya mlo paka akaingia, akachukua mnofu, akatoka bila haraka. Chumba cha kulia cha Mama Mkwe hakina mlango. Akasema, huku akiangalia ukuta, kwamba yupo fundi milango mmoja aliyemwahidi tangu mwaka juzi. Na mimi nikauangalia ukuta. Nilikuwa na jambo zito kichwani.

Jambo lenyewe ni hili. Rubani anaunda ndege ya viti viwili katika ghala lililo kando ya uwanja mdogo wa ndege. Imebaki mlango na gurudumu la mkia tu. Ameniomba nimfungie, kwa kuwa milango na madirisha ya alumini ndiyo kazi yangu. (Mafundi wenzangu huniita Bwana Bawaba. Ni kwa heshima, nadhani.) Shukrani yangu: nitakuwa abiria wa kwanza. Na Mama Mkwe atakuwepo uwanjani. Atamwona mkwewe akishuka kutoka mawinguni!

Jumatatu, 7 Julai

Ghalani tangu asubuhi. Nimeisoma michoro yote. Mlango ni mmoja tu, kushoto au kulia, mjenzi achague. Ukitoboa pande zote mbili mwili wa ndege unalegea.

Papo hapo nikaona kitu ambacho Rubani, na vyeti vyake vyote, hajakiona. Rubani hukaa kushoto, abiria kulia. Aliye upande wa mlango huingia wa mwisho na kutoka wa kwanza. Mwenzake inabidi atambae juu ya kiti kama anayetafuta kiatu uvunguni. Na anayetoka wa kwanza ndiye anayesimama juu ya bawa akipunga mkono. Kwa hiyo mlango uwe kulia. Kwangu.

Nikamweleza Rubani kwamba upande wa kulia una upepo mzuri zaidi. Akauliza upepo gani. Nikasema ule wa kawaida. Akasema mlango utakuwa kushoto, kwake, kwani rubani ni lazima aweze kutoka upesi kuangalia mambo. Nikamuuliza akiwa angani atatoka kuangalia mambo gani. Akaenda kunywa chai.

Jumanne, 8 Julai

Nimefanya jaribio nyumbani. Viti viwili vya sebuleni, ukuta ubavuni kushoto, kulia wazi. Mke wangu awe Rubani. Nikamwomba aingie kwanza, ajisogeze hadi ukutani, kisha mimi niingie kwa nafasi na kutoka kwa nafasi. Nilitoka vizuri mno. Nikapunga mkono. Yeye akabaki ukutani na bakuli la maharage aliyokuwa akichambua.

Nikamwambia, umeona faida ya mlango wa kulia? Akasema tangu jana hasikii kingine ila mlango wa kulia, mlango wa kulia, na mwisho wake nyumba nzima tutalia kweli. Kisha akaniuliza kama nimepata choo. Watu wenye mawazo hawaeleweki nyumbani kwao.

Jumatano, 9 Julai

Mkaguzi wa ndege amekuja. Mtu mfupi mwenye kalamu nne mfukoni. Nilimdaka getini kabla Rubani hajamwona, nikambebea mkoba, na njia nzima nikataja neno "kulia" kila nilipopata upenyo. Nikamsifia kiatu cha kulia.

Mbele ya Rubani akasema zipo ndege ndogo nyingi zenye mlango mmoja tu upande wa kulia, juu ya bawa. Rubani huingia kwanza, akajipanga, kisha abiria akafuata. Hakuna ubaya. Nikapiga makofi. Akaongeza kwamba kushoto pia hakuna ubaya. Hapo sikupiga.

Tukabishana hadi Mkaguzi akaondoka mwenyewe na mkoba wake. Mwishowe Rubani akachoka. Anasafiri kesho kufuata gurudumu la mkia na anarudi Jumamosi. Akasema basi, iwe kulia, mradi akirudi akute kazi imekwisha. USHINDI! Nimelipia kila mtu chai.

Alhamisi, 10 Julai

Kazi imeanza, peke yangu, ghala limetulia. Nilisimama mbele ya ndege, uso kwa uso na pua yake, kama nilivyosimama mbele ya nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuzikumbuka. Katika kazi yetu hakuna kubahatisha. Unasimama nje, unaangalia unachotaka kukiwekea mlango, na mkono wako wa kulia ndio kulia. Nikachora kwa chaki. Nikaandika KULIA kwa herufi kubwa. Nikapima mara tatu. Nikakata.

Mkato safi kabisa! Bati limetoka kipande kimoja. Nimepiga tupa kingo zote hadi unaweza kuzipitishia shavu. Nilizipitishia.

Ijumaa, 11 Julai

Fremu, bawaba mbili, mpira wa kuzuia maji, kitasa. Mlango unafungwa kwa kidole kimoja na unatoa mlio mmoja mdogo, tik, kama mtu anayekubaliana nawe. Sijawahi kufunga mlango mzuri kama huu. Niliufungua na kuufunga kwa nusu saa, kwa raha zangu.

Saa kumi alasiri nikaingia kujaribu kushuka kwangu. Nikajisogeza hadi kiti cha abiria, nikafunga mkanda, nikatabasamu, nikanyoosha mkono kushika kitasa. Bati. Nikapapasa juu. Bati. Nikapapasa chini. Bati tupu.

Nikageuza shingo polepole. Mlango ulikuwa ng'ambo ile, kando ya kiti cha Rubani.

Nimekaa humo muda mrefu nikitafakari. Nyumba haina usukani, basi mtu akiwa nje anaihesabu apendavyo. Kumbe ndege huhesabiwa na aliyeketi ndani, anayetazama mbele. Mbona hakuna aliyeniambia? Nilifuta neno KULIA kwa mate na kiwiko.

Jumamosi, 12 Julai

Rubani amerudi na gurudumu lake. Akasimama. Akautazama mlango. Nikaanza kutafuta la kusema, na nilikuwa nimefika kwenye "ujue, upepo," aliponikumbatia.

Alikuwa na machozi. Akasema tulibishana kama watoto, akanikubalia shingo upande, na kumbe mimi moyoni nilikuwa nimeshaamua kumwachia mlango yeye. Akasema shemeji wa namna hii hapatikani.

Nikasema niliwaza sana usalama wake. Kadiri nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kukumbuka kwamba ni kweli.

Jumapili, 13 Julai

Siku yenyewe. Jua zuri, upepo kidogo (wa kawaida). Mama Mkwe ameletewa kiti pembeni ya uwanja, mkoba mapajani, macho kwa mwanawe. Niliingia wa kwanza, nikitambaa. Hakuna aliyeniona. Tukaruka.

Siwezi kueleza. Mtaa wetu unaenea kwenye kiganja. Nililiona paa la karakana yangu, lina kutu. Mlango haukutoa hata mluzi. Rubani akaupapasa huku akiendesha, akacheka peke yake, na mimi nikacheka. Nilifurahi hadi nikasahau kukasirika.

Tulipotua, Rubani akatoka wa kwanza, akapanda bawani, akapunga mkono. Makofi! Mimi nikaanza safari ya kuvuka viti. Suruali ikanasa kwenye usukani. Nikatoa kichwa na mkono mmoja nje, vingine vikabaki. Nikaning'inia hapo kama nguo iliyoanikwa.

Aliyenishika mkono ni Mama Mkwe. Alipita katikati ya watu wote, akamwacha mwanawe akipunga, akanivuta mwenyewe kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nikamwamkia nikiwa bado mlangoni. Akaitikia, halafu akasema:

"Mwanangu kanieleza. Mlango ungeuweka kwako, ukampa yeye. Huyu mtoto akiruka mimi hukaa roho mkononi. Leo nimekaa kwenye kiti kama watu wengine. Ahsante, baba."

Nikainasua suruali, nikashuka.

Akanifuta vumbi begani, akaendelea: "Sasa na mimi usinisahau. Nitengenezee mlango wa kulia."

Mlango wa kulia! Hata yeye! Kumbe muda wote ameelewa nadharia yangu. Nikamwambia kesho asubuhi.

Jumatatu, 14 Julai

Nipo kwa Mama Mkwe. Ametoka, anarudi saa sita. Vizuri, iwe jambo la kumshtua.

Safari hii sikosei. Nimeshajifunza kwamba kulia huhesabiwa na aliyeketi ndani. Nyumba yake ina milango miwili ya nje, mmoja kila upande. Nikaweka kiti katikati ya sebule, nikakielekeza barabarani, nikaketi kama Rubani na kutazama mbele. Mkono wa kulia: ule mlango wa mbao nene, wenye komeo la chuma. Mlango mzima kabisa, hauna hata ufa. Nilijiuliza kidogo anataka ubadilishwe kwa nini, lakini mkwe hahoji. Nimeung'oa na fremu yake. Ulikuwa umeshika kweli. Imebidi nitoe na kipande cha ukuta.

Wa alumini utakuwa tayari baada ya wiki mbili, tatu hivi.

Naandika haya nikipumzika katika chumba cha kulia. Ni mahali pazuri pa kupumzika, hewa inapita bila kizuizi. Paka amepita na kitu mdomoni. Nyuma yake wamepita paka wengine watatu nisiowajua, wameingilia pale ninapofanyia kazi.

Namsikia getini, anacheka na jirani. Naweka kalamu. Nataka nisimame pale kwenye uwazi, nipunge mkono, niwe wa kwanza anayemwona.