Uso wa Musimbi

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Ninaandika kwa sababu leo nimemdanganya Musimbi, na ingefaa pawe na mahali palipoandikwa kwamba nia yangu ilikuwa njema. Mimi, Nyongesa, mhitimu wa fasihi, mkazi wa mtaa wa Kianda kwa muda tu, nimetunga wimbo wa roki unaoyashutumu magazeti kwa kumgeuza mwanamke mashuhuri kuwa sura tupu: anapakwa weupe, anasifiwa, anatupwa. Ogola hupiga gitaa. Musimbi, fundi cherehani, huimba kwa sauti ya kukwaruza mabati. Jumamosi tunatumbuiza Kawangware, ukumbini kwa mzee Wainaina. Mhariri wa jarida la vijana ameahidi kuja. Akipendezwa, nina kazi!

Lakini bila bango, nani atakuja kumsikiliza mwanamke asiyejulikana? Nimempeleka studio, nikisema picha ni ya kadi ya harambee ya gitaa jipya. Alisimama mbele ya ndege iliyochorwa ukutani, akauliza kama tunachangia gitaa au tiketi ya London.

Jumatano, 7 Agosti

Muia, mchoraji, amelimaliza bango kutokana na picha ile ya studio. Nilimwagiza aongeze mvuto. Ameongeza! Ngozi rangi ya chai yenye maziwa mengi. Kope kama fagio. Nywele zimesukwa zikapanda kama mnara. Huchora mabango ya saluni mwaka mzima. Uso mwingine haujui. Niliona haya kulitazama. Hata hivyo nililitundika mlangoni pa ukumbi.

Ogola alisema Musimbi akiliona atanishona mdomo. Nilimweleza kwamba msanii hulazimika kutumia silaha za adui. Akasema, “Sawa, Digrii. Mdomo ni wako.”

Jumamosi, 10 Agosti

Ukumbi ulifurika! Karibu wote wanawake, vitana na nywele bandia mkononi. Mmoja aliniuliza, “Hizo za picha mnasuka pesa ngapi?” Walidhani saluni mpya imefunguliwa. Mhariri aliketi karibu na mama aliyekwisha kufumua nusu ya kichwa, ambaye alitaka kujua foleni inaanzia wapi.

Musimbi alifika, akalitazama bango kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa upole kama huyo ni dada yake. Ule upole! Kisha akalibeba hadi jukwaani, akaliegemeza kando yake, na kila alipofika kwenye maneno “wewe uliyeniuza” alininyooshea kidole. Maneno niliyoyatunga mwenyewe. Wanawake walicheka, wakaitikia kwa nguvu, wakininyooshea vitana. Hajawahi kuimba vizuri hivyo. Nilijibanza nyuma ya spika, nikitetemeka pamoja nayo.

Mhariri alimwomba Musimbi mahojiano. Mimi aliniuliza kama ndimi msusi.

Jumapili, 11 Agosti

Nilikwenda kuomba radhi. Musimbi, pini mdomoni, hakuinua macho. Alisema wiki nzima wateja watamuuliza kwa nini amekuwa mweusi ghafla. Hatimaye alikubali kuendelea kuimba, kwa sharti moja: uso wake usichorwe tena popote. La sivyo, bendi imekwisha. Niliapa, machozi yakinilengalenga. Aibu kama hii humfunza mtu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimetafakari kiapo kwa makini. Kisogo si uso! Bango jipya: mwanamke anayeupa ulimwengu mgongo. Muia anasema visogo anavimudu vizuri zaidi, na atajificha nyuma ya pazia amchore. Musimbi nimemwambia tunakwenda kupima vazi la jukwaani, hivyo atalazimika kugeuka. Amekubali: Alhamisi, saa tisa alasiri, kwa Muia.