Mkonge wa Shamba la Mtoni

Jamani, leo nimejianika mwenyewe. Nimeaibika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya mnunuzi wangu, na mbele ya mzee wa watu ambaye hakunikosea chochote. Ndio kwanza nimefika nyumbani Korogwe, miguu ina tope, gauni halitamaniki, na chai ya asubuhi sijainywa hadi saa hizi. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kusikia mtasikia tu.

Mnaonifahamu mnajua ninashona. Mnajua pia kwamba nguo zikitaka darizi nazipeleka Tanga mjini kwa wenye mashine, nasubiri wiki nzima, zikirudi mteja ameshanuna. (Wengine mko humu humu. Poleni.) Nimeitamani mashine ya darizi ya kwangu mpaka naiota. Na njia pekee ya kuipata ilikuwa kuuza ekari mbili alizoniachia marehemu baba kando ya mto Pangani, njia ya kwenda Hale.

Zamani pale palikuwa ndani ya esteti kubwa ya mkonge. Mwenye esteti alipoondoka, ardhi ikarudi kijijini, watu wakagawiwa vipande virefu vyembamba vinavyoshuka hadi mtoni, ili kila mtu apate maji. Cha baba kilikuwa kimojawapo. Mimi nilikuwa nakwenda utotoni kula miwa, basi. Baba alipofariki nikakiacha, majani yakajiotea yalivyotaka.

Mnunuzi wa kwanza alifika, akatazama yale majani yaliyomzidi kimo, akasema yeye hanunui msitu. Wa pili hata kushuka kwenye pikipiki hakushuka. Nikaona hapa bila usafi siuzi kitu. Wiki nne zilizopita nikaajiri vibarua wawili, nikasimama nao siku nzima, shamba likafyekwa likabaki jeupe. Kazi ikielekea mwisho, nilifurahi hadi nikajirekodi video. Nikaiweka stetasi, nikamtumia pia mnunuzi wa tatu, Mama Eliza, mfanyabiashara wa mboga kutoka Lushoto anayetafuta ardhi ya mtoni alime nyanya na bamia.

Mama Eliza akajibu palepale: "Shamba zuri. Nakuja."

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nimeamka mapema, nimevaa gauni langu jipya la kitenge (la mikono mipana, lile mlilolisifia), na viatu vya kisigino. Ndiyo, visigino, shambani. Nilitaka mnunuzi aone anafanya biashara na mtu mwenye hadhi zake.

Tumefika saa tatu. Mama Eliza alikuja na raba zake na kofia ya jua, mama mnene, mchangamfu, anayeongea huku anatembea. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo na daftari na mhuri. Huyu ni mwenyekiti mpya, kachaguliwa juzijuzi, kwa hiyo kila kitu anakifuata kwa utaratibu. Na kwa utaratibu wa kwetu shamba haliuzwi mpaka majirani wa pande zote waitwe, wasimame mpakani, waseme "ndiyo, hapa ndipo". Upande wa kushoto hauna shida, pana tuta la reli ndogo ya esteti iliyokuwa ikibeba mkonge. Upande wa kulia jirani ni Mzee Mhina, na alikuwa ameshafika. Mzee mwembamba, mpole, panga kwapani. Ujana wake wote alikuwa mkata mkonge katika esteti hiyohiyo.

"Haya, fundi," mwenyekiti akaniambia, "tuonyeshe mpaka wako na mzee."

Nikajibu haraka, maana hilo baba alinifundisha. "Mpaka ni mkonge. Mstari wa mkonge kutoka barabarani hadi mtoni."

"Uko wapi?"

Nikageuka kuunyooshea kidole. Kidole kikabaki hewani. Hapakuwa na mkonge! Upande wangu udongo mtupu, upande wa mzee mahindi, na katikati hakuna hata jani moja la mkonge.

Mashine yangu ya darizi ile, nikaiona inaondoka.

Sasa mtu mwenye akili angesema "ngoja nifikiri". Mimi sikufikiri. Nilitazama mahindi ya Mzee Mhina, yamesimama vizuri, yamesogea hadi karibu kabisa, nikajipa jibu palepale kwamba kaung'oa mkonge ili ajiongezee shamba. Nikamfuata. Nilikuwa nimeshamwamkia, lakini nikamwamkia tena ili ionekane nimelelewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu kama baba. Lakini hapa umenionea. Umeona baba hayupo, mimi mtoto wa kike niko mjini na cherehani, ukaona ung'oe mpaka!"

Mwenyekiti akafungua daftari. (Kumbe alianza kuandika. Maneno yangu yote yamo.) Nikazidi kupandisha sauti, nikasema mambo ya haki za yatima, nikasema tutafika hadi baraza la ardhi, nikasema Mungu anaona. Nilikuwa naongea vizuri kwelikweli! Ningekuwa najisikiliza ningejipigia makofi.

Mzee Mhina alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mimi mkonge nimeukata ujana wangu wote nikilipwa. Leo uzeeni niukate bure?"

Mwenyekiti akakohoa. Nilijua ni kicheko.

"Basi kang'oa nani?" nikafoka. "Upepo?"

Hapo ndipo Mama Eliza akaingilia, na naomba mjue kwamba nia yake ilikuwa njema. Alitaka kunitetea. "Jamani, kugombana kwa nini? Si nina video ya shamba hili? Ile uliyonitumia wiki nne zilizopita. Tutazame. Kama mkonge ulikuwepo siku ile, basi umeng'olewa baadaye, na mwizi tutamjua."

Nikapiga makofi. "Ifungue, mama! Na sauti uweke juu, kila mtu asikie! Ukweli hauogopi mtu!"

(Naona wengine mmeshaanza kuelewa. Nyamazeni kwanza.)

Mama Eliza akaitafuta, akaipata, akaongeza sauti mpaka mwisho. Tukasogea wote, vichwa vinne juu ya simu moja. Nikajiona, nimejifunga kanga kiunoni, mkono mmoja kwenye nyonga, nyuma yangu vibarua wawili na majembe. Na mbele ya vibarua, mstari wa mkonge umenyooka vizuri hadi mtoni. Si mikubwa. Ni ile iliyochoka, imekaukia pembeni, imezongwa na majani. Mimi siku ile niliiona ni takataka ya esteti, maneno ya baba hata hayakunijia.

Sauti ya kibarua ikasikika: "Dada, na huu mkonge?"

Sauti yangu: "Ng'oa wote! Sitaki kuona hata mmoja!"

Kibarua: "Una uhakika, dada? Mbona umepangwa mstari?"

Na hapo, ndugu zangu, sauti yangu ile, kavu, ya bosi: "Wewe nimekuajiri kung'oa au kunishauri?"

Video ikaishia na mimi nikicheka.

Sijui mmewahi kutamani ardhi ipasuke, tena ardhi yenyewe ni yako. Mwenyekiti alivua kofia, akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Mama Eliza alisema "Yesu wangu", akaketi kwenye tuta la reli. Mimi nilisimama tu, visigino vimezama udongoni, siwezi hata kukimbia.

Aliyenimaliza ni Mzee Mhina, kwa sababu yeye hakucheka. Alinitazama kwa huruma kama unavyomtazama mtoto aliyemwaga uji. Nikakumbuka nilivyomwita mnyang'anyi mbele ya watu, mzee aliyemzika baba yangu. Machozi yakanitoka, nikapiga magoti kwenye udongo na kitenge changu.

"Nisamehe, baba. Nimekuvunjia heshima."

"Inuka, inuka," akasema. "Utaharibu nguo, na ndiyo kazi yako."

Nikainuka, lakini shida ilikuwa palepale. Mwenyekiti alishafunga kicheko na daftari pia. Akasema yeye hapigi mhuri shamba lisilo na mpaka, hata kama ni la dada yake. Mama Eliza naye akachukua mkoba, akauweka begani. Alisema kwa upole kwamba pesa yake ni ya jasho, hawezi kununua kitu asichojua kinaishia wapi. Kweli, mnunuzi wa tatu alikuwa anaondoka, na safari hii aliyemfukuza ni mimi.

Mzee Mhina akaniuliza, "Ulichimba visiki?"

"Vibarua walikata, wakang'oa ulioweza kung'oka. Tukachoma."

"Basi njoo."

Akaanza kutembea pembezoni mwa mahindi yake, ameinama, anasukuma udongo na ncha ya panga. Baada ya hatua chache akasimama. Chini yake palikuwa na kitu kidogo cha kijani, kirefu kama kidole, chenye ncha kali. Hatua nyingine chache, kingine. Kisha viwili pamoja. Nikavua viatu nikamfuata. Mwenyekiti akatufuata na Mama Eliza akatufuata.

"Mkonge unazaa kwa chini," mzee akasema. "Ukiacha mzizi, mvua ikigusa tu, mtoto anatoka. Esteti nzima imekufa, huu bado unatoka."

Tulitembea naye hadi mtoni, tukikuta machipukizi sehemu baada ya sehemu, kwenye mstari uleule. Na sasa sikilizeni hii. Mahindi yake yote yalikuwa ndani ya mstari. Mzee hakuwa amechukua hata unyayo. Alikuwa ameacha na nafasi ya kupita mtu, upande wake yeye! Niliona aibu upya, nami nilidhani ya kwanza ilikuwa imetosha.

Nikamwambia atoze faini yoyote anayotaka.

Akafikiri. "Palipo na pengo, upande mkonge. Wewe, kwa mkono wako, si kibarua. Na unishonee kanzu ya Idi. Yenye darizi shingoni."

Akaenda shambani kwake, akarudi na kiroba cha miche ya mkonge na majembe mawili. Nikalima, jamani. Peku, na gauni la mikono mipana, mbele ya serikali ya kitongoji. Mkonge ulinichoma mahali ambapo sitapataja. Nilikuwa kwenye shimo la tatu nilipoona jembe jingine linachimba mbele yangu. Mama Eliza alikuwa ameweka mkoba chini.

"Mama, si ulikuwa unaondoka?"

"Nilikuwa naondoka," akasema, akichimba bila kunitazama. "Unajua kilichokuwa kinanitia hofu siku zote? Si mto wala jua. Ni kulima ugenini pembeni ya mtu nisiyemjua. Sasa nimemjua. Mtu katukanwa asubuhi namna ile, na mchana anakuletea miche! Huyo jirani nitampata wapi tena?"

Nilishindwa kujizuia, nikalia tena, safari hii kwa furaha. Mzee Mhina akauliza kama mafundi wa Korogwe wote wanalia hivi.

Saa nane mchana mstari ulikuwa umekamilika, kuanzia barabarani hadi majini. Mama Eliza akaridhia, mzee akatia dole gumba kama shahidi, mhuri ukapigwa. Mwenyekiti alinipa mkono wa pongezi, halafu akamgeukia Mama Eliza: "Ile video nirushie, mama. Inaonyesha mpaka vizuri sana. Itakaa kwenye kumbukumbu za kitongoji."

Kwa hiyo mgogoro wowote ukitokea pale, hata mimi nikiwa nimeshakufa, watu watakusanyika, simu itawashwa, na nitasikika nikiuliza kama nimeajiri mtu kung'oa au kunishauri.

Lakini nimeuza! Mashine ya darizi nakwenda kuiagiza kesho, na kazi yake ya kwanza ni shingo ya kanzu ya Mzee Mhina. Wenye nguo zenu leteni zifuate foleni. Kucheka chekeni huko huko mliko, ila atakayekuja kupimwa huku anatabasamu, mikono ya gauni lake haitalingana.