Roth Kubwa Kuliko ya Shemeji

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya mwisho kiwandani. Miaka kumi na tisa ya kufunga jibini! Jumatatu naanza kwa washindani wao. Imebaki kuamua akiba yangu ya uzeeni iende wapi. LaVonne, mke wangu, kasema iende akaunti ya kawaida: kodi tutalipa tukianza kuitoa. Nikakubali.

Jioni, samaki wa kukaanga kanisani, kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Dwayne, kaka yake LaVonne, anatangaza kwenye foleni kwamba akiba yake ya uzeeni iko kwenye akaunti ya Roth tupu. Kodi unalipa sasa, uzeeni unakula chako bila kuguswa. Akanigeukia: eti shemeji, wewe endelea kuifugia serikali kuku, mayai utayaona sokoni. Watu wakacheka. Hata padri!

Jumatatu, 10 Machi
Saa ya mapumziko nikawapigia simu wanaotunza akiba. Nimehamishia Roth yote. Yote! Binti wa simu akauliza mara mbili kama nimeongea na mtu wa kodi. Nikamwambia nimelipa kodi tangu nilipokuwa na nywele. LaVonne sijamwambia. Nataka kumshangaza.

Jumatano, 12 Machi
Ameshangaa. Tulikwenda kwa Verna, mhasibu wetu, kwa hesabu za kodi za mwaka jana, nami nikajisifu. Verna akavua miwani. Kumbe fedha yote niliyohamisha inahesabiwa kama mshahara wa mwaka huu! Kodi: dola elfu kumi na mbili. Nikasema basi tuirudishe. Hairudishwi.

Elfu kumi na mbili ndizo tulizoweka za kutengeneza paa linalovuja. Nyumbani LaVonne akapanga ndoo zake jikoni, akapika amevaa kofia ya mvua. Nimeona aibu, kweli.

Ijumaa, 14 Machi
Samaki tena. Nikambana Dwayne: yeye kodi alilipaje? Akajikuna. Roth yake ina dola mia nne! Aliifungua kwa sababu benki walikuwa wanagawa kofia za bure. Basi yangu inaimeza yake nzima nzima, na nikasema hivyo kwa sauti, foleni nzima isikie. LaVonne akaondoka na gari. Nimerudi kwa miguu, theluji mpaka kwenye soksi.

Jumamosi, 15 Machi
LaVonne anaongea nami kupitia paka. Nimeapa: simsikilizi Dwayne tena maishani.

Mchana Dwayne kaja kuomba radhi. Ana moyo mzuri, jamani. Kasema Roth imepitwa na wakati. Kuna mtu anauza vibanda vya kuvulia samaki juu ya barafu, bei ya kutupa, kwa vile ziwa linayeyuka. Tununue sasa, tuuze Desemba ziwa likiganda tena. Nikafikiri: kodi yenyewe inadaiwa Aprili ya mwakani, na pesa ya paa imekaa bure tu benki.

Dwayne kachukua vitatu. Mimi sita.