Vitamini U ya Pipa la Mama Mkwe

Jumapili, 10 Desemba
Gazeti limesema kabichi ina vitamini U, dawa ya vidonda vya tumbo. Na hapa roshani tuna pipa zima la kabichi za chumvi! Si langu, la mama mkwe, Desanka. Ni za kufungia sarma, vifurushi vya majani yenye mchele na uyoga ndani, tarehe 19, sikukuu ya Nikola, mtakatifu wa ukoo. Wageni hawaalikwi, wanajaa tu. Mama mkwe kasema zikiharibika nitafute pa kuishi. Sitagusa jani. Nitauza maji yake tu.

Jumatatu, 11 Desemba
Biashara imechangamka! Mzee Radovan wa ghorofa ya nne, mgonjwa wa vidonda, kanunua. Ana pipa lake, lakini chupa zangu zina herufi U nyekundu. Gordana wa duka la dawa kanisimamisha kwenye ngazi. Eti U si vitamini, ni jina tu la kupachikwa, na kitu chenyewe kimo kwenye kabichi mbichi. Eti mimi nauza chumvi tu. Wivu.

Alhamisi, 14 Desemba
Kila jioni mama mkwe hukinga maji yanayotoka chini ya pipa, kisha huyamimina tena juu, kabichi zisioze. Leo kauliza mbona yamepauka. Nikasema baridi. Nikitoa, najazia ya bomba. Maji ni maji.

Jumamosi, 16 Desemba
Harufu. Mke wangu kauliza nani kafia roshani. Mzee Radovan kalalamika presha imempanda. Nimemshauri aongeze dozi.

Jumatatu, 18 Desemba
Mama mkwe kafunua pipa. Kabichi zimekuwa uji. Hakunitukana. Kaketi jikoni akalia ndani ya aproni. Tangu aolewe hajakosa sarma siku ya Nikola. Niliona aibu, kweli kabisa. Nikagonga milango yote kuomba kabichi. Aliyenipa ni mzee Radovan, kumi nzima. Kasema jirani ni jirani, hata akiwa mjinga kama mimi.

Jumanne, 19 Desemba
Wageni wamelamba vidole. Mama mkwe kapokea sifa zote, kisha kanitandikia godoro roshani. Nimestahili.

Jumatano, 20 Desemba
Nimebadilika. Mgongo wa mzee Radovan hauinami tena, nani atamzungushia maji ya pipa? Nimejitolea, kila jioni, bure. Kanikumbatia, machozi yakamlenga. Leo nimepata chupa nne za U. Gordana asijue.