Utumbo wa Sigaa

Jumatatu, 4 Septemba 2017
Mzee Ignace anamwoza bintiye mwezi ujao na bado hajamtaja msemaji wa harusi. Mimi, niliyehutubia kila mkutano wa Wakongomani hapa Hillbrow, nimesikia jina la Cyriaque. Cyriaque, mlinzi wa geti, ambaye hotuba yake ndefu kuliko zote haikufika dakika tano. Nimeduwaa. Mke wangu Gaudiose anasema ndiyo maana Cyriaque akihutubia, wageni hula chakula kingali cha moto. Mzee anapenda sigaa, zile nene za wakubwa. Nitamtengenezea moja kwa mkono wangu.

Jumanne, 5 Septemba
Nimesoma maelezo kwa Kifaransa, lugha niliyosomea. Sigaa ina sehemu tatu. Nje ni cape, jani laini lisilo na mishipa minene. Chini yake sous-cape, jani la kufungia. Ndani, penye ladha yenyewe, ni tripe. Nikarudia kusoma. Tripe ni utumbo. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi Bukavu analijua. Kumbe matajiri huvuta utumbo! Nimeshtuka, lakini elimu ni elimu. Nimenunua wa kondoo kwa mama mmoja Jeppestown. Akauliza kama nitaula na pap, ugali wa huku. Nikamwambia ni wa kuvuta. Akasema eish, akaniongezea kipande bure.

Alhamisi, 7 Septemba
Utumbo unakauka kwenye kamba ya nguo. Majirani wamebisha hodi kuuliza nani amefariki. Gaudiose amesema Papa Arlène, ndiyo mimi, nichague, yeye au huo uozo. Niliomba muda wa kutafakari. Amehamia kwa dada yake. Majani ya tumbaku niliyonunua ya kuufungia nayo yanapasuka. Hewa ya mji huu ni kavu mno. Nimeyafunika kwa taulo lenye maji.

Jumamosi, 9 Septemba
Msiba. Nilimkabidhi Mzee sigaa mbele ya wakwe waliokuja na mahari, kwa hotuba fupi ya nusu saa. Akaipapasa, akalisifu jani la nje. Akawasha. Akavuta mara moja, macho yakamtoka. Akauliza taratibu ndani kuna nini. Nikasema ni tripe, Mzee, ya kondoo, ya wiki hii hii. Cyriaque akauliza kama na mishikaki ninaivuta. Mzee, akijifuta machozi, akaeleza kwamba tripe ya sigaa ni majani vilevile: hukunjwa bila kukazwa ili hewa ipite, na sigaa njema huwaka sawasawa, jivu lake likashikana bila kudondoka. Kisha akatangaza kwamba msemaji wa harusi ni Cyriaque. Watu walishangilia. Sijawahi kuona ukatili wa namna ile.

Jumapili, 10 Septemba
Nimetafakari. Kosa ni la Kifaransa cha watu wa tumbaku, si langu. Gaudiose amerudi, kwa sharti kwamba madirisha yakae wazi. Mzee anaweza kubadili uamuzi, kwani hunywa divai pia. Nimesoma kwamba divai njema hupimwa kwanza kwa robe yake, glasi ikiinuliwa kwenye mwanga. Robe ni gauni. Hapo hapana utata. Nimempelekea Clémentine, fundi cherehani, vipimo vya chupa. Ameuliza kama nataka mikono mirefu.